Kilo 104, sukari ipo, kiungulia kipo: akate tumbo, abadili njia ya chakula au aanze na puto?

#1 Loleza_Juu
Wakuu, kamwene kwa wa Iringa, ugonile kwa wa Rungwe. Huku Mwanjelwa mtu akisikia habari ya upasuaji wa kupunguza uzito anauliza bei kwanza. Mimi nasema bei ni swali la tano huko. Chukueni mfano huu: mwanamke wa miaka 41, kilo 104, urefu sentimita 163. Sukari ina miaka minne, anameza metformin na glibenclamide, hajawahi kuchoma insulini. Presha vidonge viwili. Kiungulia karibu kila usiku. Anaishi Mbeya mjini na bado anataka mtoto mmoja. Mngemshauri nini na kwa nini? Wa "aache ugali" naomba wapite kimya kimya.

#2 Gangilonga
Tuanze na hesabu. 1.63 mara 1.63 ni 2.657. Kilo 104 gawa kwa hiyo, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ni 39.1. Vigezo vya Marekani vya 1991 vya kupasuliwa vilitaka 40, au 35 ukiwa na ugonjwa unaotokana na uzito. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vikashusha: 35 inatosha hata bila ugonjwa, na 30 hadi 34.9 mtu anafikiriwa kama ana kisukari au matatizo ya aina hiyo. Kwa hiyo huyu amepita kwa vigezo vya zamani na vipya. Ila kupita kwenye hesabu hakujasema afanyiwe ipi.

#3 ChipsiMayai
Aache ugali.

#4 Nesi_Zamu
#3 tulijua tu utakuja.

Loleza, umekiandika kiungulia mwishoni kama kitu kidogo, kumbe ndicho kinachoamua. Upasuaji unaofanywa zaidi ni slivu. Wanakata asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kuitoa nje kabisa, unabaki mrija mwembamba kama ndizi. Daktari anapitisha mpira wa Fr 36 hadi 40 mdomoni hadi tumboni, yaani unene wa milimita 12 au 13, anakata na kubana kwa pini akiufuata huo mpira. Mrija ule haunyumbuki kama mfuko wa zamani, shinikizo ndani linapanda, tindikali inatafuta njia ya kurudi juu. Mwenye kiungulia kabla, mara nyingi kinazidi. Na asiyekuwa nacho anaweza kukipata.

Kwa hiyo kabla ya lolote huyu dada apitishwe kamera ya tumbo. Wanatafuta ngiri ya kiwambo (sehemu ya tumbo kupanda kifuani), michubuko ya koo la chakula, vidonda na bakteria wa H. pylori. Bakteria akikutwa anatibiwa kwanza. Koo likionekana limeungua vibaya, slivu inatoka mezani, mjadala unahamia baipasi, yaani kubadili njia ya chakula.

#5 Mama_Hass
Asante nesi. Nauliza, kwani puto lina ubaya gani? Halikati kitu. Hospitali ya Mloganzila, Dar, wanaweka, mtu anarudi nyumbani upesi, likimshinda linatolewa.

#6 Nesi_Zamu
Mama Hass, halina ubaya, lina kikomo. Puto la silikoni linapitishwa mdomoni, linajazwa maji ya chumvi mililita 400 hadi 700 yaliyotiwa rangi ya bluu. Linakaa miezi 6, mengine 12, kisha linatolewa. Siku tatu nne za kwanza ni kichefuchefu na kutapika, dawa zake ziandaliwe mapema. Wastani wa kupungua ni kama asilimia 10 ya uzito. Kwa huyu ni kilo 10 au 11, anabaki na 93, na likishatoka njaa inarudi ilivyokuwa.

Hiyo bluu si urembo. Mkojo ukigeuka kijani au bluu puto limepasuka, na lililosinyaa linaweza kuteremka likaziba utumbo. Hapo hospitali siku hiyohiyo, usisubiri Jumatatu. Na ngiri kubwa ya kiwambo nayo inamzuia mtu kuweka puto, kwa hiyo kamera iko palepale.

#7 Kitonga_Kona
Nyongeza fupi, maana kuna watu wanachanganya: kunyonya mafuta kwa bomba si upasuaji wa uzito. Yanatoka ya chini ya ngozi. Yaliyozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo yanachezea sukari, hayaguswi. Mwenye kisukari akitumia hela yake huko kabadilisha umbo tu.

#8 Gangilonga
Turudi kwenye baipasi basi. Daktari anatenga kijifuko cha mililita 30 hivi juu ya tumbo, ujazo wa vijiko viwili vikubwa. Utumbo mwembamba unakatwa, ncha moja inapandishwa na kuunganishwa na kijifuko. Tumbo kubwa linabaki ndani, halipokei chakula tena, ila juisi zake zinashuka na kukutana na chakula mbele, sentimita 100 hadi 150 kutoka kwenye kijifuko. Kiungulia kwa kawaida kinapungua kwa sababu kijifuko kinatoa tindikali kidogo sana. Mtu anapoteza karibu asilimia 30 ya uzito wote, slivu kama 25. Kwa kilo 104 ni tofauti ya kilo tano hivi, si ya kugombania. Mimi naona kiungulia na sukari ndivyo vinampeleka baipasi.

#9 Dokta_Mkoba
Gangilonga, umemaliza haraka. Baipasi ina deni ambalo mtu wa Mbeya analipa kuliko wa Dar. Utumbo ukishahamishwa kunabaki matundu kwenye nyama inayoushikilia. Hata yakishonwa, uzito ukipungua mafuta yanayeyuka na matundu yanaachia. Mwaka mmoja baadaye, au mitano, utumbo unapenya humo na kunyongwa. Mgonjwa anasikia tumbo linakaba, linaachia, linakaba tena hasa akishakula. Akifika kituo cha afya anapewa omeprazole kwa sababu anaonekana mzima na tumbo halijavimba. Huyo anatakiwa CT scan na daktari wa upasuaji anayejua ramani mpya ya tumbo lake. Akicheleweshwa, utumbo unaoza.

Slivu haina hilo, chakula kinapita njia ileile ya zamani. Kwa anayeishi mbali na aliyempasua, mimi ningekubali kupambana na kiungulia kwa dawa.

#10 Nesi_Zamu
Dokta, dawa za kiungulia miaka 30 ijayo? Na chembe za koo zikibadilika kuelekea saratani? Wengi wa slivu wanaoungua sana wanaishia kupasuliwa tena kuwa baipasi. Utakuwa umelipa mara mbili.

#11 Dokta_Mkoba
Wengine wanaishia huko, wengi hapana. Na Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, si kwamba tuko porini. Ninachodai ni kwamba mgonjwa atembee na karatasi yenye mchoro wa alichofanyiwa.

#12 Ulanzi_Mtogwa
Nimeweka kiti hapa. Swali la mtu wa kawaida: kwa nini sukari inashuka siku chache tu baada ya kupasuliwa, kabla hata suruali haijalegea?

#13 Gangilonga
Homoni. Chakula kinafika utumbo wa chini upesi, utumbo unamwaga homoni ya GLP-1, kongosho linatoa insulini na ubongo unasikia shibe. Kwenye slivu tena wameondoa sehemu ya juu ya mfuko inayotengeneza grelini, homoni ya njaa.

#14 Kitonga_Kona
Nusu ya hadithi. Mtu aliyetoka kupasuliwa anakula kalori 400 au 500 kwa siku. Ini linatumia mafuta yake lenyewe, na ini likipungua mafuta sukari inashuka. Wasiopasuliwa wakilishwa kidogo hivyohivyo, sukari yao nayo inashuka kwa kiasi kinachokaribiana. Kisu kinapata sifa za njaa.

#15 Dokta_Mkoba
Na nyongo je? Asidi za nyongo kwenye damu zinapanda baada ya baipasi, nazo zinaamsha homoni zilezile. Bakteria wa utumbo nao wanabadilika. Mkichagua moja mnajidanganya.

Kwa mgonjwa, cha kuangalia ni vitu viwili. Kwanza, kisukari cha miaka minne bila insulini kina nafasi nzuri ya kulala, yaani sukari kukaa sawa bila dawa. Cha miaka 15 na insulini uniti 60, nafasi ni ndogo. Kulala nako si kupona, kwa wengine kinaamka baada ya miaka. Pili, glibenclamide inasimamishwa siku ya upasuaji, la sivyo sukari itashuka hadi azimie. Metformin ya kuyeyuka taratibu ibadilishwe iwe ya kawaida. Dawa ya presha inayokojoza maji nayo ipunguzwe mapema, mtu asiyeweza kunywa hata lita moja akiimeza anaanguka chooni.

#16 Ulanzi_Mtogwa
Niliuliza moja nimepewa nne. Ndaga, asanteni.

#17 Mfindi_Majani
Ninyi mnagombania kisu, mimi nauliza vidonge. Baada ya baipasi au slivu ni maisha yote: multivitamini kila siku, vitamini B12 mikrogramu 350 hadi 1,000 kwa mdomo au sindano ya 1,000 kila mwezi, vitamini D uniti 3,000, chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500. Damu ipimwe mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka.

Kalsiamu ndiyo inaleta shida madukani kwetu. Inayopatikana kirahisi ni kaboneti, nayo inahitaji tindikali ya tumbo ili iyeyuke, tindikali ambayo imepunguzwa. Inayofaa ni sitrati. Soma nyuma ya kopo kabla ya kulipa. Na usimeze zote kwa mkupuo, 500 kwa wakati mmoja, kisha usubiri saa mbili ndipo umeze chuma, zinanyang'anyana mlango.

#18 Kitonga_Kona
Na chai, Mfindi. Hilo unalikwepa kwa sababu ya jina lako. Chai ya rangi inakamata chuma tumboni. Mtu wa Mufindi au Tukuyu anayekunywa vikombe vitano na kumeza chuma asubuhi pamoja na chai, ajue anamwaga hela.

#19 Mfindi_Majani
Sikwepi 😀 Chuma usiku kwa maji na chungwa, chai asubuhi. Hakuna aliyekatazwa.

#20 Msaidizi_CTC
Nimesoma yote, hakuna aliyegusa hili na mikoa yetu inalihitaji: mtu aliye kwenye TLD, kidonge cha VVU.

Kwanza, dolutegravir iliyomo inahusishwa na kuongezeka uzito. Utafiti wa Afrika Kusini ulionyesha hivyo, wanawake zaidi. Asiiache dawa kwa sababu hiyo, azungumze na kliniki yake, ila daktari wa upasuaji aambiwe. Wapo wanaoficha mpaka siku ya chumba cha upasuaji. Pili, kalsiamu na chuma vinaikamata dolutegravir isiingie mwilini. TLD imezwe saa 2 kabla ya hivyo vidonge au saa 6 baada, au zote kwa pamoja lakini na chakula. Sasa mtu wa wiki ya kwanza anayekunywa maji ya kuku tu hana chakula cha kumezea, kwa hiyo atumie saa. Tatu, dolutegravir inapandisha metformin kwenye damu, ndiyo maana kwa anayetumia zote mbili metformin isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Nne, apimwe wingi wa virusi miezi michache baada ya upasuaji, hasa baipasi, tuone kama dawa inaingia.

#21 Nesi_Zamu
Msaidizi, hii ilitakiwa iwe post namba 2. Asante.

#22 Mama_Hass
Mmenitisha na mmenifunza. Na safari je? Akipasuliwa Dar, barabara hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800.

#23 Dokta_Mkoba
Asipande basi wiki ya kwanza. Hatari mbili kubwa za mwanzo ni kuvuja pale palipobanwa na damu kuganda miguuni kisha kupanda mapafuni. Kuvuja kunaweza kujitokeza hata siku ya 10, mtu keshatoka wodini. Dalili yake ya mapema ni mapigo ya moyo, kabla hata ya maumivu. Yakikaa juu ya 120 kwa dakika akiwa amelala, hata kama anasema yuko sawa, arudi. Homa, bega la kushoto kuuma, kuhema juu juu, vivyo hivyo.

Ningemkalisha Dar wiki mbili. Akisafiri, soksi za kubana, ashuke atembee kila gari linaposimama, na sindano za kuzuia damu kuganda amalize dozi aliyoandikiwa. Ndege ya Songwe inapunguza saa za kukaa, haifuti hatari.

#24 Kitonga_Kona
Wiki mbili Dar ni nyumba ya kupanga, mtu wa kumsindikiza, blenda na friji. Hiyo ndiyo bei ambayo watu hawaulizi. Nakubaliana na Loleza kwamba kuanza na bei ya kisu ni makosa, lakini si kwamba bei ni swali la tano. Ni swali la kwanza, ila lijumlishe miaka kumi ya vidonge na vipimo. Asiye na uhakika wa kununua B12 mwaka wa sita asikate.

#25 Loleza_Juu
Hapo umenipiga. Naipandisha iwe swali la pili.

#26 Mama_Hass
Atakula nini sasa? Huku kwetu viazi, ndizi, maharage, parachichi.

#27 Nesi_Zamu
Anaanza kabla ya kukatwa. Wiki mbili za wanga kidogo na kalori 800 hadi 1,000 ili ini linywee, maana linalala juu ya tumbo na daktari lazima alinyanyue. Ini lenye mafuta ni zito, linachanika.

Baada ya upasuaji, siku moja mbili maji, supu iliyochujwa, chai bila sukari. Anakunywa kwa kijiko au kikombe kidogo cha dawa, mililita 30 kila dakika 15, lengo lita moja na nusu kwa siku. Hadi wiki ya pili maziwa yasiyo na mafuta, mtindi usio na sukari, uji mwepesi unaopita kwenye chujio. Wiki ya tatu na ya nne vya kusagwa: maharage yaliyochemka mpaka yakapasuka, yasagwe, yachujwe maganda. Dagaa wasagwe unga, kijiko kwenye supu. Kisha laini: yai, samaki aliyechambuliwa miba. Wiki ya nane chakula cha kawaida kwenye kisahani cha chai.

Kinachowakwamisha wengi ni ugali mgumu, mkate mbichi na nyama kavu. Ugali ukimezwa bila kutafunwa unakaa kwenye tundu kama kizibo, mate yanajaa, mtu anatapika. Utafune mara 20 hadi 30, uweke kijiko chini. Maji uyaache nusu saa baada ya kula.

Protini gramu 60 kwa siku miezi ya baadaye: mayai matatu 18, maziwa glasi mbili 16, maharage kikombe 15, samaki kipande kidogo cha gramu 50, 12. Jumla 61. Nyama ya kitimoto kavu haimo.

#28 ChipsiMayai
Kwa hiyo aache ugali.

#29 Nesi_Zamu
😂 Wiki nane tu, bwana.

#30 Ulanzi_Mtogwa
Na msimu wa mvua ukifika? Ulanzi ni maji ya mwanzi, si pombe.

#31 Mfindi_Majani
Ulanzi mbichi ni maji ya sukari, na sukari ya majimaji haizuiwi na mrija wala kijifuko, inateremka tu. Ndiyo njia namba moja ya kurudisha kilo: soda, juisi, ulanzi mtamu, kidogo kidogo kutwa nzima. Kwa wa baipasi kuna adhabu ya papo hapo: moyo unakimbia, jasho, tumbo linasokota, anataka kulala chini. Ukishachachuka ni shida nyingine, pombe inaingia kwenye damu haraka na kwa kiwango cha juu kuliko zamani. Kikombe kimoja kinafanya kazi ya viwili, na wapo wanaoteleza kuwa walevi baada ya upasuaji.

#32 Dokta_Mkoba
Na tuwaambie waliobaki nyumbani: akitapika mfululizo siku mbili tatu, vitamini B1 inaisha mwilini. Akipelekwa zahanati atawekewa dripu ya sukari kwa nia njema, na sukari inakula B1 iliyobaki. Macho yanacheza, anayumba, anasahau, na huenda asirudi alivyokuwa. Kwenye ile karatasi yenye mchoro iandikwe kwa herufi kubwa: B1 KWANZA, DRIPU YA SUKARI BAADAYE. Chini yake: HAKUNA DIKLOFENAKI, HAKUNA IBUPROFENI. Hizo na sigara zinatoboa pale palipounganishwa. Maumivu ya mgongo, Panadol.

#33 Gangilonga
Hatujagusa mtoto. Miezi 12 hadi 18 asibebe mimba. Uzito ukishuka hedhi inakaa sawa na rutuba inapanda, wengi wanashtukizwa. Vidonge vya majira baada ya baipasi si vya kutegemea, aweke kijiti au kitanzi kabla ya upasuaji. Ana miaka 41, kwa hiyo kusubiri kwenyewe ni uamuzi. Hapo ndipo mimi mwenyewe nayumba: labda mtoto kwanza?

#34 Kitonga_Kona
Mtoto kwanza kwa sukari, presha na kilo 104, akiwa na 41? Hapana.

#35 Mama_Hass
Na zile sindano za wiki, semaglutide?

#36 Gangilonga
Zinapunguza kama asilimia 15 ndani ya wiki 68, tirzepatide karibu 20. Ukiacha, theluthi mbili ya kilo zinarudi ndani ya mwaka. Kwa hiyo nazo ni za maisha, na zinataka friji kabla ya kufunguliwa. Anayekwama kwenye bei ya B12 hatazimudu. Na anayetaka mimba aziache miezi miwili kabla.

#37 Dokta_Mkoba
Mimi bado slivu, kamera ikiwa safi.

#38 Nesi_Zamu
Mimi bado baipasi, kiungulia cha kila usiku si safi hata kamera ikisema safi.

#39 Mtu_wa_Makete
Nimechelewa, mtandao wa huku. Mnaposema uzito unashuka, mwambieni na baridi. Mafuta yakiisha mtu anatetemeka, na Juni huku kuna barafu kwenye majani asubuhi. Nywele nazo zinapukutika mwezi wa tatu hadi wa sita, kisha zinaota.

#40 Loleza_Juu
Nimeandika: kamera, karatasi yenye mchoro, sitrati, kijiti, blanketi. Ndaga wote. Parachichi hamkulijibu.

#41 Nesi_Zamu
Robo kwa siku baada ya mwezi. Laini, linapita vizuri, lakini gramu 100 ni kalori 160 hivi, na Hass moja kubwa inafika huko na kuzidi.

#42 Mama_Hass
Robo?! Nani huku anakula robo?